Harufu Iliyopanda Mlimani

6 Januari

Kwa Profesa wangu,

Salamu nyingi kutoka gerejini. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Wewe je, kazi na baridi ya huko unazimudu? Naandika kwa sababu kwenye simu unaeleza mbiombio, nami naitikia tu.

Kuna jambo limenishinda kuelewa. Unajua bibi yako alivyolalamika kifua, chumba chake kikiwa ukuta mmoja na ninapopulizia magari rangi. Nikampeleka kwa shangazi yako mlimani, kwenye miti na ndege, harufu ya rangi huko huipati hata kwa dawa. Huku nami nikajitahidi: kila adhuhuri naanika nje madebe ya tina chafu, ile tunayooshea bunduki za rangi, yakiwa wazi, jua liimalize harufu, ili akirudi akute hewa safi. Mafundi wa barabara nzima wameniiga.

Basi huko mlimani ndiko kifua kinambana zaidi! Kila alasiri anahema. Akishuka kwetu kwenye uvundo, anacheka na kuagiza chai. Bibi yako, Kamanda wetu, anasema shangazi yako ndiye anayemkaba, na sasa wamenuniana. Wewe unayepima hewa, niambie nimekosea wapi.

Baba yako

15 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi tumezoeana. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimechanganyikiwa kama wewe, maana hata mimi ningempeleka huko huko.

Nimempa kondakta wa basi kipimo kidogo cha ozoni, gesi inayochoma kifua. Kiweke gerejini, kisha mlimani, uniambie kimesomaje. Usikifungue. Nakujua.

Mwanao

28 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo nipo tu. Kipimo chako ni kibovu. Hapa gerejini, penye moshi na rangi, kimelala kama mgeni aliyeshiba. Mlimani kwenye maua, ikifika alasiri namba zinapanda mpaka shangazi yako akakifunika kwa kitambaa asizione. Nilikifungua kidogo tu, sikuona kilichokatika.

Bibi yako alilazwa juzi, wakamwekea oksijeni. Ametoka, lakini maneno yamempungua, na wewe unamjua alivyo na maneno. Naogopa, mwanangu. Nimrudishe huku?

Baba yako

5 Februari

Baba,

Shikamoo, na poleni sana. Nimelia kidogo kabla ya kuandika.

Kipimo ni kizima, hata baada ya bisibisi yako. Mvuke wa tina na wa petroli, na moshi wa mafuta yasiyoungua vizuri, una toluini, benzini na ndugu zao. Ndani yao kaboni zimeshikana mikono kwenye duara. Harufu ikipotea, Baba, haijaisha, imesafiri tu. Jua huamsha hewani chembe kali zinazolivunja duara lile, na vipande vyake vikichanganyika na gesi za moshi wa magari, huzaliwa ozoni na vumbi laini lisiloonekana. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na upepo wenu wa mchana unapanda mlimani. Gerejini ozoni ni kidogo kwa sababu moshi mbichi wa barabarani unaila.

Usimrudishe, benzini mbichi nayo ni sumu. Alasiri afungiwe madirisha. Wala si wewe peke yako, ni mji mzima. Lakini funika madebe, uwaambie na wenzako. Aende wapi hasa, hata mimi sijui.

Mwanao

20 Februari

Profesa,

Salamu. Nimekuelewa nusu, na hiyo nusu imeninyima usingizi. Yaani nilikuwa nampikia mama yangu hewa ile na kumpelekea mpaka mlangoni?

Nimefunika. Wenzangu wamenicheka, wakasema binti amenitia kichaa, kisha mmoja mmoja wakafunika. Wiki hii bibi yako analala alasiri bila kukohoa, na jana amegombana na shangazi yako vizuri kabisa. Nilitaka kurukaruka. Ila tangu tufunike, mawingu yametanda, jua hatujaliona. Sasa sijui ni vifuniko au ni mawingu. Maisha yangu yote nimeliomba jua linikaushie rangi, na leo naliogopa. Likitoka tu, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Redio inasema mawingu yalishaondoka kwenu na jua ni kali. Simu yako haipatikani, ya shangazi inaita tu. Kondakta amerudi mara mbili mikono mitupu, anasema gereji imefungwa na madebe yote yamefunikwa.

Sitaki namba za kipimo. Niandikie neno moja tu, kwamba anapumua.

Mwanao