Kwa Nini Baba Alikuwa Akikukatia Simu

Nyumbani,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi za ugenini. Kile kikohozi kimekuachia? Wifi yangu na watoto hawajambo? Huku mimi, mume wangu na Mama tu wazima. Baba ndiye aliyenishikisha kalamu.

Uliniandikia kwa uchungu kwamba Baba hukukatia simu, na kwamba hutapiga tena, kwa kuwa ametia pamba masikioni tangu ulipoiacha karakana yake. Nilitaka kukujibu kwa hasira, maana mdomo wangu unaujua. Namshukuru Mungu sikujibu.

Baba tunayemjua huitambua pikipiki mbovu kabla haijaingia getini. Basi mwezi uliopita aliitengeneza ya mwalimu jirani, akasema iko sawa, kumbe injini inagonga kama mchi kwenye kinu. Mwalimu alirudi akiisukuma. Baba alikaa juu ya tairi. Nyumbani tulikuwa tumezoea kumpazia sauti tukidhani ni uzee tu, lakini siku hiyo niliingiwa na hofu. Fundi asiyesikia injini atakula nini?

Kumbe alikuwa akijitibu kimyakimya. Kila jioni alijichokonoa masikio kwa ule waya mwembamba wa kuzibulia kabureta, ameuviringishia pamba, maana kwake tundu lililoziba ni la kuzibuliwa, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulijua Mama alipoona damu kwenye mto.

Muuguzi wa zahanati alimmulika masikio yote mawili. Kisha akamwambia, "Mzee, hiyo nta ya masikioni si uchafu. Inalinda sikio, na hutoka yenyewe. Wewe umekuwa ukiishindilia ndani."

La kushoto, kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani, kimetoboka. Lisiingie maji wala dawa ya kubahatisha, na muuguzi hakuthubutu kutuahidi kwamba litapona. La kulia lilikuwa limeziba tu. Tulipewa matone ya kulainisha, na tuliporudi kwake siku chache baadaye akaliosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka sikuelezi, usije ukaacha chakula. Tangu hapo tumekatazwa sote waya, njiti, hata vile vijiti vya pamba vya dukani. Tunafuta nje tu kwa kitambaa, na sikio likiziba tunakwenda zahanati.

Siku hiyo ya kuoshwa, akiwa bado kwenye kiti cha zahanati, Baba aligeuka akauliza ni nani anayefagia uani. Nililia, kaka, mbele za watu.

Njiani ndipo aliponiuliza jambo ambalo halijanitoka moyoni. "Kaka yako hupiga simu halafu hasemi kitu. Naita, naita, kimya, mpaka nakata. Nilimkosea nini?"

Mtu na mwanawe, kila mmoja akidhani mwenzake amemnunia.

Sasa simu huiweka juu ya benchi la kazi. Ikilia huacha spana, hufuta mikono na kuinama kusoma jina. Akiona si wewe, huiacha iendelee kulia.

Mama anakusalimu sana, na shangazi anauliza lini utawaleta watoto. Mume wangu naye anakupa mkono. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na akulainishie moyo.

Piga, kaka. Ataiweka kwenye sikio la kulia. Huna haja ya kupaza sauti.

Dada yako akupendaye,
Mama Pacha.