Cheni Yako Niliyoiosha Mbele ya Ukoo

Ndugu yangu Shija,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, maana nilikuwa mmoja wa walioshika kamba tulipokuteremsha. Basi nianze na ya mama yako. Mama yako ni mzima. Lakini hayupo tena nyumbani kwake, na habari ya kilichomwondoa sikutaka uisikie kwa mtu mwingine, ingawa sijui huko mliko habari zinawafikiaje.

Wanasema yeye ndiye aliyekuua.

Tulia kwanza. Najua ungekuwa hai ungeshavua shati na kutafuta wa kumpiga. Lakini ungekuwa hai yasingesemwa, na hapo ndipo ninapokukasirikia. Nisamehe, marehemu hakasirikiwi, nimefundishwa hivyo tangu utoto. Ila mimi hasira zangu hazijaisha na siwezi kukuandikia barua ya uongo.

Ilianza msiba ulipomalizika tu. Baba yako mdogo na wenzake walibeba kuku wakaenda kupiga ramli kwa mganga mmoja huko njia ya Magu. Kuku akapasuliwa, mganga akatazama matumbo, akasema anamwona mwanamke wa ndani ya nyumba, macho mekundu kama ya wachawi, kakaa kwenye moshi. Jamani! Kulikuwa na haja ya kumuua kuku kwa hilo? Kila mtu anayeshuka ufukweni mwaloni kununua samaki anamjua mama yako, kainama juu ya pipa, anayeyusha mafuta ya sangara kwa kuni mbichi. Macho yake yalikuwa mekundu tangu tukiwa tunakuja kuiba mapanki yake, mifupa ya sangara ya kukaanga, tule na ugali. Nani aliyewahi kukaa kwenye moshi ule akatoka na macho meupe?

Nilipoletewa maneno hayo nilicheka. Kisha nikaona aliyeyaleta hacheki.

Maana mimi najua kilichokuua, Shija. Na wewe unakijua. Kiwanda cha nguo kilipowapunguza kazi, ukachukua kiinua mgongo chote ukanunua pikipiki, niliifurahia kuliko wewe. Ulikuja nayo hapa kwenye kibanda changu cha ufundi Igogo, bado inang'aa, nikakwambia pikipiki ya kubeba samaki haifi kwa injini, inakufa kwa cheni. Nikakufundisha. Uivue, uiloweke kwenye karai la mafuta ya taa, uisugue kiungo kwa kiungo kwa mswaki mkuukuu, uifute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ndipo uirudishe na kuidondoshea oili ya giaboksi upande wa ndani, ule unaokutana na meno ya gia, huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Halafu unafuta tena. Huko kufuta tena kulikuudhi sana. Ulikuwa unaniuliza, "Sasa unaweka ili utoe?" Nikawa nakujibu kila mara kwamba mafuta ya ndani ni ya cheni, ya nje ni ya mchanga.

Na ulikuwa unafanya vizuri, tena kwa makini. Mpaka siku ile uliponunua kopo lililofungwa vizuri, lina picha na maandishi ya kigeni, ukalifungua ukakuta oili chafu iliyochujwa na kuchanganywa na mafuta ya taa. Biashara imekuwa ruksa, maduka ya Mwanza yamejaa, kila kitu kipo na nusu yake si chenyewe. Ulikuwa umeshauziwa betri isiyo na kitu ndani na tairi lililopakwa rangi nyeusi. Lile kopo ndilo lililokumaliza subira. Ulilitupa ziwani ukaapa hutanunua tena oili ya dukani.

Wiki iliyofuata ulifika huku paka wawili wanakufuata.

Nilidhani ni samaki. Ukashusha tenga, na paka wakaliacha tenga wakaenda kulamba cheni! Tulicheka mpaka mama lishe wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulikuwa umeipaka mafuta ya mama yako, yale ya sangara, meupe na mazito. Uliniambia kwa majivuno, "Kitu cha mama hakina feki." Tangu siku hiyo nikakuita Shija wa Mapaka, na wewe ukalipenda jina.

Lakini sikuishia kucheka, utakuwa shahidi yangu. Nilikwambia mafuta ya samaki asubuhi yanaganda, mchana yanayeyuka, yakikaa muda yanakuwa gundi. Nilikwambia gundi na mchanga wa mwaloni vikiingia kwenye pini vinasaga kuliko jiwe la kusagia mtama. Ukanijibu kwamba mafundi tunapenda kuwatisha watu ili warudi. Nikakununia, ukaniletea samaki, nikanyamaza. Ndivyo tulivyokuwa.

Sasa unanielewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Pikipiki yako ililetwa kwangu baada ya ajali. Cheni ilikuwa imekatika pale kwenye mteremko wa mawe ukitoka mwaloni, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likakwama, na wewe na tenga lako mkatupwa kwenye jiwe. Niliikwangua kutoka kwenye meno kwa bisibisi. Sikuiosha. Niliifunga kwenye gunia jinsi ilivyo, sijui kwa nini, labda sikuwa na nguvu. Nilipoambiwa ukoo unakutana kumjadili mama yako, nikajua ilikuwa inangoja nini. Nikabeba gunia, karai, dumu la mafuta ya taa na mswaki, nikaenda.

Walikuwa wamekaa karibu na zizi la ng'ombe, wanaume wote wa kwenu. Mama yako alikuwa peke yake kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, khanga kaivuta mpaka usoni. Niliwaamkia shikamoo wazee, wakaitikia marahaba kwa mbali. Mmoja akasema, "Huyu Mkerewe anataka nini kwenye mambo ya ukoo?" Baba yako mdogo akasema niachwe, nilikuwa rafiki wa marehemu.

Nikaosha cheni yako mbele yao, Shija. Sijawahi kuosha cheni vile. Kwanza niliwapa waishike jinsi ilivyo, waone viungo vilivyokakamaa, vimesimama vyenyewe kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Wakainusa. Ilikuwa inanuka samaki. Kisha nikailoweka, nikaisugua kiungo kwa kiungo. Mafuta ya taa yakageuka rangi ya uji wa ulezi. Nikayamimina polepole kwenye kopo, na chini ya karai ukabaki mchanga. Mchanga wa mwaloni, ule wenye chembe zinazometa, ungeweza kuuchota kwa kiganja. Nikalipitisha karai. Nikawaonyesha pini iliyokatika, imelika katikati imebaki nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Nikawaambia, wazee wangu, kilichomuua ndugu yetu ni hiki. Mafuta ya sangara yameshika mchanga, mchanga umekula pini. Hakuna mtu aliyemfanya kitu.

Niliona vichwa vinatikisika. Nikajisemea, Mafuru, leo umeokoa mtu. Moyo wangu ulikuwa umejaa, nilitamani uwepo unione.

Baba yako mdogo akanirudishia karai. Akasema, "Fundi, asante sana. Umetufungua macho. Sasa tuambie, hayo mafuta aliyapika nani?"

Shija, nikaanza kubishana.

Nikasema mafuta ni mafuta, hata oili chafu ingefanya vilevile. Akauliza mbona oili chafu za watu wengine haziui. Nikasema wewe mwenyewe ndiye uliyeyapaka, hakuna aliyekutuma. Mwingine akadakia, "Ndiyo uchawi wenyewe huo! Mtu mwenye akili zake apake cheni mboga?" Nikapandisha sauti, nikawaita wajinga, nikaharibu zaidi. Walikuwa wamekuja na maneno ya kuku tu, mimi nikawapelekea kitu cha kushika mkononi. Kabla sijaondoka walininyang'anya lile kopo la mafuta machafu, wakayamimina kwenye chupa ya soda, wakaikaza kwa gunzi la mahindi, wampelekee mganga. Wakawa wanaambizana, "Mkerewe mwenyewe kasema kwa mdomo wake, ni mafuta ya yule mama." Mama yako hakuinua khanga wakati wote huo. Nilipita mbele yake na karai langu tupu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Hakuna aliyenunua tena mafuta yake. Pipa lake lilipinduliwa. Asubuhi moja akaamka akakuta mihogo yake yote imefyekwa na kulazwa kwa mstari, na unajua huku kwetu mihogo kulazwa hivyo maana yake mwenye shamba ndiye atakayefuata. Nilikwenda kwa kamanda wa sungusungu kuomba ulinzi, akaniambia kwa upole kwamba hawezi kulala mlangoni kwa mtu mmoja. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alitazama huku na huku akasema, "Mtoe kwanza, sheria itafuata nyuma." Mpaka leo naingoja hiyo sheria.

Pikipiki yako hakuna aliyeidai. Wanaiogopa. Niliinyooshea usukani, nikaifungia cheni mpya, nikaipaka nilivyokufundisha, nikaifuta. Palipopambazuka nikamfuata mama yako. Alikuwa ameshafunga mzigo, mdogo tu, hata sufuria hakuchukua. Akapanda nyuma upande upande, akanishika kiuno kama msichana, na majirani wakachungulia kwenye nyufa za milango. Hakuna aliyetoka kumuaga. Hata yule jirani ambaye mama yako ndiye aliyemzalisha watoto wake wote, Shija. Hata yeye.

Yuko Sengerema kwa dada yako Doto. Shemeji amempokea vizuri, ni mtu wa kanisani, amewaambia watu wa huko kwamba ni mama mkwe kaja kuugulia. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Doto anapika mwenyewe kwa mkaa, mama hakaribii moto. Na macho yake yamekuwa meupe, ndugu yangu. Safi kabisa, kama ya mtoto. Nilikaa pale nikayatazama, nikalia mpaka Doto akanitoa nje. Wangeweza kungoja. Wangempa miezi michache tu bila kuni, wakaona wenyewe. Lakini nani angewaambia wangoje, mimi niliyekwenda na karai?

Kuna jambo la Kigongo, siku ile ninamtoa, nimeliruka. Nilikuwa nalikwepa, lakini ni haki yako ulijue.

Tulifika kivukoni, kivuko bado kiko ng'ambo Busisi kinapakia ng'ombe. Tukakaa kwenye ukingo kungoja. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mafuru mwanangu, siku ile pale zizini ulisema kweli?"

Nilifikiri kumdanganya. Ningesema, "Nilitunga ili nikutetee, mama, cheni ilikuwa mbovu tangu dukani." Angeniamini, na mzigo ungemtoka. Lakini ni mtu aliyekuwa anamuulizia mwanawe, na wote wengine walikuwa wameshamdanganya. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba uliyapaka mafuta yake kwa sababu mji mzima ulikuwa umekuuzia uongo, na yeye peke yake ndiye uliyemwamini. Nilidhani hilo litamfariji.

Kivuko kikaanza kuja. Akasema, taratibu, kama mtu anayefikiria kazi yake, "Angeniambia ni ya cheni, ningeyachuja vizuri zaidi."

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba hata yangechujwa vipi yasingefaa. Nikaufunga.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, Shija wa Mapaka. Nimekutukana kidogo, na wewe ungenitukana zaidi, kwa hiyo tuko sawa. Nakukumbuka. Kibanda kimekuwa kimya, na hata paka wamehamia kwa muuza dagaa. Usiwangoje wa kwenu wamwombe mama radhi. Nimewatazama usoni, hawataomba. Ila nakuahidi hivi, na Mungu anisikie: hakuna mkono utakaomgusa. Nitakwenda na kurudi huko Sengerema mpaka atakapochoka mwenyewe, na mama yako atakufa kwa uzee, kitandani, na watu wa kumlilia.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala, yeye niachie mimi.

Mafuru, wa Igogo