Chumba Ulichomfagilia Papa

Makiso, Kisangani, Februari 2026

Kaka yangu mpendwa Nzanzu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, wifi na watoto. Mko wazima huko Kanyabayonga? Mnalala ndani, si porini? Sisi tunapumua tu. Simu kwenu hazipiti, kwa hiyo barua hii naitia mikononi mwa Félicité, jirani yangu anayefuata maharagwe Butembo. Atatafuta mtu wa kuivusha.

Katika barua yako uliuliza Papa, aliyekimbilia kwangu kwa sababu ya vita, anakuja lini, ukasema chumba chake umeshakifagia. Nisikilize taratibu.

Juni iliyopita, redio iliposema mawaziri wetu na wa nchi jirani wametia sahihi amani huko Amerika, Papa alipiga makofi. Unamjua: watu waliogombania shamba wakishakubaliana mbele yake, kesho yake walikuwa wanalima. Akadhani na wakubwa hufanya hivyo. Akaanza kuaga kwa kugawa vitu. Blanketi akampa Tonton Évariste, yule anayebeba abiria kwa baiskeli ya toleka. Godoro akampa Mama Chancelle wa nyumba ya pili. Nilimsihi asubiri, akanijibu kwamba mtu anayerudi kwake habebi godoro.

Kumbe vita havisikilizi redio. Nilipotaka kulifuata godoro, alikasirika kweli, akasema hawezi kudai kitu alichokwisha kuagia watu. Nikanunua jingine. Desemba marais wenyewe wakatia sahihi, na hilo nalo akaligawa! Siku chache baadaye tukasikia Uvira imeanguka mikononi mwa waasi.

Kilichomvunja ni habari kwamba hao hao wapatanishi wa Amerika wanazungumzia na madini yetu. Aliniuliza: “Mutu anakuya kupatanisha batu, kumbe iko anauliza bei ya shamba yabo?” Yeye hakuwahi kupokea hata mkungu wa ndizi kwa aliowapatanisha, na wakati wa mavuno alirudi kuangalia kama bado wanasalimiana. Siku hiyo alizima redio, na sikumwona akiiwasha tena.

Godoro la tatu alinikataza kununua, maana, alisema, hakai. Akawa analala mkekani, na nyumba yetu hii ya karibu na mto ina unyevu. Kikohozi kikamshika.

Kaka, kaa chini kwanza. Papa ametuacha, mwezi uliopita. Aliomba alazwe kando ya Mama. Tulimweka mochwari tukingoja njia ya kwenu, kwa sababu kila tuliyemwuliza alisema itafunguliwa, amani si imeshatiwa sahihi? Tulingoja mpaka watu wa mochwari wakatuambia basi. Tumemzika hapa Kisangani, na koti lake alilolitunza kwa safari ya kurudi. Nisamehe kwa kutokungoja. Naumia sana.

Mama Chancelle alikuja matangani na godoro kichwani, analia, anataka kulirudisha. Sikulipokea. Papa asingekubali.

Wifi na watoto wote wasalimie, na kaburi la Mama ulipalilie kwa niaba yangu. Kile chumba, wape watoto walale.

Ni mimi dada yako,
Katungu