Mtoto Niliyeanza Naye

Handeni,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye hewa, na mguu umeuegesha kwenye kigoda kama daktari alivyokuagiza. Kaka Dominiko ameniambia plasta imeshatolewa na sasa unatembelea mkongojo mpaka nyumba ya tatu. Nimeshukuru. Nisalimie wote wa pale kambini Ngombezi, hasa wale akina mama waliokuja kukaa nawe siku ya mazishi, ulipokuwa huwezi hata kunyanyuka kitandani. Usiumie kwa kutokuja. Dominiko alikuja akashika udongo kwa niaba yako.

Mimi mwili ni mzima. Huku mvua zimeanza, majani yameota mpaka mlangoni, na ng'ombe wanatoa maziwa. Mkweo Loserian anakusalimu. Mke mwenzangu Nkoile anakusalimu sana. Mtoto wake, Keriako, naye ni mzima, anakimbia na kula kama zamani.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu huku inashika kwenye kichuguu kimoja tu nyuma ya zizi, na pale hapakosi mtu. Tena kila ukinipigia unalia, nami nabaki kusikiliza mpaka salio linakwisha. Uliniuliza kama na mimi nalia. Silii, mama. Napika, nakula, nachota maji, nalala. Ukiniuliza jana nilikula nini nitakujibu bila kufikiri. Wanawake wa hapa wananiangalia usoni wakisubiri kitu, kisha wanaondoka. Siwafichi. Ni kwamba nikitafuta ndani sikuti chochote, kama mtu anayepapasa rafu iliyokwisha kufagiliwa.

Dominiko alikuelezea yaliyotokea, lakini yeye alisimuliwa na watu. Acha nikuelezee mimi niliyekuwepo.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuja kwenye semina ya wahudumu wa afya wa vijiji pale Korogwe nikalala kwako. Tulifundishwa kumsaidia mtoto aliyeacha kupumua, tukifanyia mazoezi kwenye midoli mikubwa ya mpira. Ukaniambia nikuonyeshe, nikakuonyesha kwa mto wako, ukacheka ukasema mto umepona. Niliporudi huku niliwafundisha wanawake wa boma letu kwa kanga iliyokunjwa. Kichanga unakandamiza kifua kwa vidole viwili, mtoto aliyekwisha kutembea kwa kiganja cha mkono mmoja. Unainua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, unapuliza mpaka uone kifua kinapanda. Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Walicheka pia, Nkoile zaidi ya wote. Alisema kanga yake imekataa kuamka kwa sababu haijanywa chai.

Siku ile niliondoka asubuhi na mapema kwenda zahanati. Nkoile aliwaamsha watoto wetu wawili wadogo, akawanywesha uji, akawavalisha, kisha akatoka na punda kwenda kuchota maji ya kunywa. Watoto walibaki na bibi yao, mama yake Loserian, ambaye siku hizi macho yake yanaona vivuli tu. Niliporudi jua lilikuwa kali. Nikamkuta bibi ameketi, nikamwuliza watoto wako wapi, akasema wamefuata ndama. Nikaenda lamboni. Ndama walikuwepo wanakunywa. Watoto hawakuwepo. Kandambili moja ilikuwa inaelea.

Lambo lilikuwa limekauka likabaki kidimbwi cha maji mazito kama uji, na chini tope linaloshika mguu. Niliingia na nguo zangu. Niliwapata, mama. Wote wawili walikuwa karibu karibu, kwenye kina cha kiuno changu. Nikawatoa, nikawalaza ukingoni, mmoja huku na mmoja huku. Hakuna aliyekuwa anapumua. Nikapiga kelele ya kuita watu, nikapiga magoti.

Nilianza na yule ambaye kila mtu amekuambia nilianza naye. Nilianza na Keriako.

Nilimtoa tope mdomoni kwa kidole, nikainua kidevu, nikapuliza. Mara ya kwanza hewa haikuingia. Nikamweka kichwa upya, kifua kikapanda. Nikapuliza mara tano kama tulivyofundishwa kwa aliyezama, kisha nikaanza kukandamiza, thelathini kwa mbili, thelathini kwa mbili. Nkoile alitokea upande wa pili wa lambo na punda zake, akaona, akakimbia. Alipofika alimshika mtoto wa pili miguu akamning'iniza kichwa chini. Nikampigia kelele amlaze, ainue kidevu, apulize. Akamlaza. Nilimsikia akipuliza, na nilisikia hewa ikitokea puani kwa mtoto, kwa sababu hakumbana pua. Nikamwambia mbane pua. Sikuinua kichwa kumtazama. Kule Korogwe walituambia ukishaanza usikatize.

Keriako alikohoa. Akatapika maji na uji, akavuta pumzi, akalia. Nikamlaza ubavu, nikaenda kwa mwanangu Abraham.

Kwa Abraham nilikaa muda mrefu. Watu walifika, pikipiki ikaletwa, nikapanda nyuma naye mapajani huku napuliza. Zahanati mganga alinipokea akaendelea na kile kimfuko cha kusukumia hewa, nami nikawa nakandamiza. Mwisho aliushika mkono wangu akaniambia, "Mama, basi." Nikaacha. Nilimwambia asante. Keriako walimpeleka hospitali wakamlaza kumwangalia mapafu, akarudi baada ya siku chache akidai maziwa.

Hayo unayajua. Lakini nataka nikuambie yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yanayonifanya niandike.

Watu walisema nilimwacha mwanangu wa pekee nikamwokoa wa mke mwenzangu mwenye watoto wanne. Sikuwaambia hivyo mimi. Walihesabu wenyewe, nani alitangulia na nani alifuata. Mwinjilisti alilisema makaburini, akalirudia kanisani. Loserian aliwakusanya wazee akanipa mtamba mbele yao, akasema hajawahi kuona moyo kama huo kwa mwanamke wala mwanamume. Wale waliokuwa wakininung'unikia kwamba nimetoka kwenye mashamba ya mkonge, sijui ng'ombe, sasa wananiamkia kwa mikono miwili. Nesi aliyetufundisha amekuja mpaka huku. Anataka wiki ijayo niende Korogwe kwenye semina mpya, nisimame mbele ya wenzangu niwaeleze namna mtu anavyoweza kuweka kazi mbele ya damu yake. Na wewe, mama, uliniambia kwenye simu kwamba marehemu baba, ambaye mwanangu alibeba jina lake, angejivunia mimi.

Mama, sikumwacha Abraham. Nilidhani ninayempulizia ni Abraham.

Loserian aliwanunulia watoto fulana mnadani, ya njano ya Abraham, ya kijani ya Keriako. Asubuhi ile Abraham alijimwagia uji, Nkoile akamvua akamvalisha ile ya kijani. Keriako kuona hivyo akaililia ya njano, ikafutwafutwa naye akavalishwa hivyo hivyo na madoa yake. Mimi sikuwepo, bibi yao ndiye aliyenisimulia baadaye. Niliingia majini nikatafuta njano. Niliushika mkono wa mwenye njano kwanza, wa kijani nikamvuta kwa mguu. Wote walikuwa wamenyolewa na baba yao siku moja, wote nyuso zimefunikwa tope, na mimi nilisafisha mdomo na pua tu. Watu watauliza ni mama gani asiyemjua mwanawe. Niliona njano nikapiga magoti. Yule wa kijani nilijua yupo pale, na nilijua hapumui. Nilimwacha alale. Alipolia yule niliyemshika ndipo nilipojua, kwa maana sauti haikuwa ya Abraham.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimchagua wangu, nikakosea mtoto.

Nilikaa na jambo hili nikidhani litakaa kimya kama vitu vingine vyote ndani yangu vilivyo kimya. Lakini Nkoile alianza kumleta Keriako alale nyumbani kwangu. Hakusema kwa nini. Kila jioni anamleta, anamlaza kwenye ngozi aliyokuwa akilalia Abraham, anaondoka bila kunitazama. Juzi mtoto akaniita mama. Nkoile akasikia, hakumrekebisha.

Jana jioni, wakati wa kukamua, nilimfuata zizini. Nilimwambia akae asikie. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, fulana na yote, nikamwambia asinishukuru tena na asinipe mtoto wake kwa jambo ambalo sikulifanya.

Hakuacha kukamua. Nilidhani hajanisikia. Kisha akasema, "Najua, mama Abraham. Ulikuwa unamwita."

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba alipokuwa anazunguka lambo mbio alinisikia, kila nikiinua mdomo kupumua naita, Abraham, Abraham, amka baba. Mimi sikumbuki kuita, mama. Hata sasa sikumbuki. Alisema alipofika alitazama chini akamwona mtoto wake mikononi mwangu, maana fulana zile alizivalisha yeye mwenyewe, na mimi naita jina la mwingine.

"Nikafunga mdomo," akasema. "Niliogopa nikikuambia, utamwacha."

Akasema ndipo alipomchukua wangu. Alisema alimpulizia kwa pumzi zake zote, lakini siku ile ya kanga alikuwa anacheka hakushika vizuri. Alisema anajua angeniambia ningebadilishana naye, na mimi ndiye niliyekuwa najua kupuliza, na yeye ndiye asiyejua, na kwamba mtoto aliyeangukia kwa asiyejua ndiye aliyekufa. Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti, huku maziwa yakiendelea kuingia kwenye kibuyu.

Halafu akaniuliza kama kweli ningemwacha Keriako.

Nilitaka kumjibu kwamba hapana, kwamba tulifundishwa usikatize. Nilifungua mdomo nikamwambia sijui. Ndilo jibu nililokuwa nalo, mama, na mpaka sasa ninapoandika sina jingine. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa alichokuwa akiomba. Ndama alikuwa anasukuma kutaka kunyonya, nikamshika masikio nikamvuta pembeni ili Nkoile amalizie. Tulikamua mpaka wa mwisho. Hatukushikana mikono wala hatukulia. Usiku alimleta Keriako kama kawaida, nami nikampokea.

Loserian hatujamwambia. Nkoile anasema tumwambie pamoja akirudi kutoka malishoni, na kama atamtaka mtamba wake amrudishe zizini kwake. Mimi nimekubali. Mwinjilisti tutamwambia baadaye. Kwa nesi nimetuma ujumbe kwamba nitakuja Korogwe, lakini sitasimulia habari ya moyo wangu. Nitawaonyesha namna ya kubana pua, kuinua kidevu na kuweka mkono, na nitamsimamia kila mmoja mpaka afanye sawasawa, hata wakicheka.

Nimekuandikia wewe kwa kuwa sitaki ubaki na sifa za uongo juu ya mwanao. Kama utaona aibu, nitaelewa. Kama utamwonea hasira Nkoile, hilo nalo nitalielewa. Mimi nimejaribu kumwonea hasira, nimelala nikijaribu, haikuja. Labda itakuja siku nyingine, na labda na kilio kitakuja nayo.

Sitakuja peke yangu. Nkoile ameomba tufuatane mpaka Ngombezi. Anataka kukupigia magoti wewe bibi yake Abraham, akuambie kwa mdomo wake alichokiona na alichokinyamazia. Nimemwambia hana haja, amekataa. Naomba umpokee, mama. Usimwulize kitu kabla hajala. Njiani huwa anatapika kwenye basi, kwa hiyo atafika amechoka. Mwandalie chai ya maziwa, ya rangi hanywi.

Barua hii nimeifunga kwa gundi na nitamkabidhi kondakta, Dominiko aipokee stendi. Mwambie asiifungue. Msalimie yeye na mkewe, na wote watakaoniulizia waambie nipo. Mungu aupe mguu wako nguvu, na akulinde mpaka tutakapofika.

Ni mimi mwanao,
Rhoda, mama Abraham.