Nyuzi za Besi Katika Sufuria ya Chai

Othaya

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku sisi wazima. Cucu, nyanya yako, ameshinda shambani akichuma majani chai, na anakusalimu sana. Umeniuliza kama nyuzi za bei nafuu zitafaa gita lako la besi.

Zangu zilikuwa za bei ya chini kabisa, siku bendi yetu ilipoitwa harusini Endarasha. Tulipewa nyama choma kwanza, nami nikashika gita kwa vidole vyenye mafuta. Kufikia wimbo wa tatu nyuzi zilidunda kama debe lililojaa mahindi. Bendi nyingine iliyoalikwa, ya mjini, yenye nyuzi mpya, ikatucheka waziwazi.

Msichana mmoja aliyekuwa akipika akaniambia, "Ati unalia? Mafuta si huchemshwa yakatoka? Lete hapa!" Akazitumbukiza zote nne katika sufuria yake ya chai, tukazikausha, nikazifunga tena. Wacha zingurume! Wazee waliacha vikombe wakainuka kucheza, na wale wa mjini nao wakacheza.

Kwa hivyo nunua hizo za bei nafuu, mama, lakini unawe mikono.

Sufuria ile iko jikoni kwetu hadi leo. Cucu wako alikuja nayo nilipomwoa.

Ni mimi guka wako, na mikono nimenawa.