Mfalme Wangu Alikuwa Wapi

Papa Esta, mpinzani wangu uliyehamia kwenye baridi,

Huku Heru Juu maharage tumevuna, kitambi changu hakijambo, na ubao wa sataranji uko mezani bila mtu wa kunifunga.

Unakumbuka chumba cha walimu kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu? Tumepeana migongo, kila mtu na ubao wake, kompyuta katikati ndiyo refa. Tunaiandikia hatua kwa zamu, na hakuna anayeona kete za mwenzake. Ukikosea, inajibu tu, "Haiwezekani." Kete ikiliwa, inataja imeliwa wapi, basi. Mengine ni kupapasa gizani.

Na mimi, kwa ujanja wangu, nikawa najisemea kwa Kiha ili nisisahau. "Umwami ari hano," mfalme yuko hapa, farasi yuko kule. Nikijua Mkongo wa "pardon" na "merci" ataambulia nini? Wewe unakuna ndevu: "Mwalimu, uko nasali?" Kidogo tu, farasi ameliwa palepale nilipomtaja. Nikasema refa kahongwa!

Siku mnaondoka, basi limeshawaka, ukatoa kichwa dirishani: "Umwami wawe ari he, Mwalimu?" Mfalme wako yuko wapi! Kumbe bibi aliyekulea ni Mrundi, na Kirundi na Kiha ni watoto wa tumbo moja. Ulicheka hadi Mama Esta akakufinya.

Nami nilicheka njia nzima juu ya bodaboda, hadi nilipokumbuka ushindi wangu mmoja. Ilikuwa wiki niliyorudi kazini kutoka Nyakitonto kumzika mama. Sauti ilikuwa imekauka, lakini nilizitaja kete zote kama kawaida. Hukula hata moja. Refa akatangaza nimeshinda, ukapiga meza: "Aiwezekane! Refa mwizi!" Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza tangu msiba.

Mchezo ule kompyuta imeuhifadhi. Nikibonyeza mara moja tu, nitaona mbao zote mbili, na malkia wako alikuwa amesimama wapi akiniangalia. Kidole kimefika pale mara tatu. Sijabonyeza, Papa Esta. Acha nibaki bingwa, na wewe ubaki umeshindwa.

Jumamosi tucheze kwa mtandao. Safari hii nitajisemea uongo mtupu kwa Kiha, nikupoteze kabisa.

Lo! Nimeshakuambia.

Ni mimi, bingwa wako wa siku moja,
Mwalimu