Tulirudishwa Katikati ya Mto Kaya

Lobule, Koboko
28 Mei 1979

Mpendwa mpwa wangu Laku,

Pokea salamu za mjomba wako Yugu. Kifua chako kimeacha kukohoa? Huko Yei mnakula? Mimi sijambo: nimevuka Kaya, nimeingia Sudan, na askari wa huko wakanipigia saluti.

Haya, uongo. Anwani umeiona hapo juu. Nilifika nusu ya maji tu, na saluti yenyewe ilikuwa ya mtutu wa bunduki.

Mke wako Pasca iko hapa kwangu, mimba imekuwa nzito. Watu wa Arua wanapita na vitanda kichwani, vita inawafuata nyuma. Basi nikampakia kwenye mtumbwi wa Lemi, nikushushie mzigo wako.

Katikati ya mto sajini mmoja wa ng'ambo akapaza sauti, "Mzee, geuza!" Nikamwambia padri wa misheni ya Ombaci alitusomea sheria: mutu anayekimbia vita harudishwi kwenye vita. Akajibu, "Hiyo ni ya aliyefika. Wewe hujakanyaga udongo wetu."

Nikachomeka upondo mpaka chini, nikautoa umejaa tope. "Afande, na huu ni udongo wa nani?"

Pasca akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Sajini akakoki bunduki. Lemi akageuza.

Sasa wewe unayefagia ofisi ya wakimbizi, waulize wakubwa wako: Uganda nimetoka, Sudan sijafika, pale nilikuwa raia wa samaki? Na mutu akizuiwa kufika, hiyo sheria itamjua lini? Inaniuma, Laku. Pasca hacheki tena. Anashika tumbo, anatazama barabara ya Arua.

Barua hii analeta Betty muuza chumvi. Yeye wanamvusha, chumvi haiombi hifadhi. Anasema sajini huwaachia wavuke wale wenye ndugu anayewangoja ukingoni.

Msalimie Wani, na mama Elise mwambie meno yangu bado mawili. Mungu akuweke mpaka mtoto akuone.

Unakumbuka siku ya posa yako? Wakwe walituacha nje ya boma, mvua juu yetu, mpaka mmoja asimame aseme wewe ni wa nani. Nilisimama mimi. Nikasema, "Huyu ni wangu," na sifa nyingine za kubuni. Sasa nilipe. Siku ya soko tutakuwa majini tena. Simama ukingoni, useme, "Hawa ni wangu." Sifa uache, hutaziweza.

Mimi mjomba wako anayekupenda, hata ukichelewa,
Yugu